Viti Vilivyovaa Vizuri

Mama hupenda viti vyake vivae. Kila kochi la nyumba yetu ya mtaa wa Jericho lina kitambaa mgongoni na vingine viwili vidogo mikononi, vyote vyeupe, vyote amevifuma mwenyewe akisubiri hiki na kile: maharagwe yaive, Baba arudi kutoka kazini, mvua iishe. Mimi nimesoma falsafa chuo kikuu na bado sijapata kazi, kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kuuliza maswali. Jumamosi ile niliuliza kuhusu vitambaa.

"Mama, hivi vina kazi gani? Kiti hakisikii baridi."

"Na hilo shati lako ni la nini? Ngozi haikukutosha?"

Dada yangu alicheka jikoni. Siku ilikuwa yake. Mchumba wake alikuwa analeta wazazi wake kutoka Donholm, mara yao ya kwanza kuingia kwetu. Mama aliogopa kwamba watu waliozoea nyumba zenye geti wangeziona hizi nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, na kumwona binti yake amepungua. Kuta hangeweza kuzibadilisha. Akashika alichoweza kushika: alivua vitambaa vyote, akavifua, akavitia wanga, akavianika.

"Profesa," dada akaniita, "acha kuhoji viti. Nenda uanue vitambaa, saa nane imepita."

Kamba ya nguo tunaitumia pamoja na jirani, mama wa Kiislamu ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Naye alikuwa amefua. Upande huu vitambaa vyeupe, upande ule vitambaa vyeupe. Nikachukua vilivyong'aa zaidi, nikavitandaza kwenye makochi, na kujisifu moyoni kwamba hata asiyeamini anaweza kuhudumu ibadani.

Wageni walifika mapema. Mama alitoka chumbani akiwa bado anafunga kilemba. Mamake mchumba, mwanamke mpana mwenye macho ya kupekua, alikaa, kisha akafanya jambo ambalo nimewaona wafumaji tu wakilifanya: alikigeuza kitambaa na kutazama nyuma, pale uzi unapofungwa.

"Huu mkono ni mzuri," alisema. "Nyuma ni kama mbele. Umefuma wewe, mama?"

Jirani alikuwa ndio anaingia na sahani ya kaimati, kutusaidia kupokea wageni. Akasimama mlangoni. Akatazama makochi, akanitazama mimi, akauma mdomo asicheke. Hapo nikaelewa. Vitambaa nilivyoviegemea tangu kabla sijajua kutembea vilikuwa bado kambani, na sikuvitambua. Chuoni niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu kinachofanya kitu kiwe hicho na kisiwe kingine. Nilipata alama nzuri.

Mama alikitazama kile kitambaa. Kuitikia kulikuwa rahisi. Jirani mwenyewe alimkonyeza: sema ndiyo, yaishe. Dada alisimama na birika la chai mkononi bila kummiminia mtu.

"Hapana," Mama alisema. "Huo ni mkono wa huyu jirani yangu. Vyangu vina nakshi ya mananasi. Huyu kijana nimemsomesha, nikamtuma kambani, akaniletea vya watu."

Kisha babake mchumba akauliza taratibu, "Na digrii anayo?"

"Anayo. Ile pale ukutani."

Sote tukageuka kuitazama. Nayo ilikuwa imevalishwa kitambaa. Mzee alicheka hadi akashika mbavu, na jirani, aliyekuwa amejizuia muda mrefu, akalazimika kuweka sahani chini.

"Hebu vileteni vya mananasi," mamake mchumba akasema.

Nilitumwa tena, safari hii dada akinisindikiza, nisije nikarudi na shuka la mtu. Mgeni akavigeuza kimoja kimoja.

"Vyako vina mafundo nyuma."

"Vina mafundo," Mama alikubali. "Nilikuwa nafuma nikilea."

Mgeni alipitisha kidole juu ya yale mafundo. Nami nikayaona kwa mara ya kwanza. Pengine fundo moja lilikuwa homa yangu, lingine dada akililia kubebwa. Bado siwezi kuthibitisha kwamba kitambaa kina kazi yoyote kwenye kiti. Ila ule uzuri niliokuwa nauita wa bure ulikuwa na upande wa nyuma, na huko nyuma kulikuwa na sisi.

"Sasa wewe nikikuuliza utaniambia ukweli," mgeni alimwambia Mama. "Huyu msichana yukoje?"

"Ana roho safi. Akikasirika hunyamaza hadi uombe radhi bila kujua kosa. Na chapati zake ni ngumu."

"Mama, tafadhali," dada alisema.

"Chapati nitapika mimi," mchumba akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie, na mamake alimtazama kama anayemwona upya.

"Tangu lini?"

"Nitajifunza."

"Kwa nani, na nyumbani hujawahi kushika unga?" Akachukua kaimati, akamgeukia Mama. "Haya. Mwezi ujao mje kwetu, wewe na jirani yako. Na huyu msomi aje, lakini aketi mbali na kamba yangu."