Lori Lililolala Turffontein

Mwezi huu wa saba nilikwenda Turffontein kumjulia hali baba. Nikasukuma geti, nikaingia uani, nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Lori halipo. Nasema halipo, rafiki yangu, na labda unadhani nazungumzia kitu cha kwenda na kurudi. Lori lile halikuwa limesogea hata shubiri moja tangu nikiwa darasa la nne. Magugu yalipenya chini yake yakachungulia kwenye boneti, paka wa mtaa walizalia kwenye kiti cha dereva, na mimi nilishalizoea kama ukuta wa nyumba. Sasa pale palikuwa na udongo mtupu, mweusi kwa mafuta, na jua la baridi lilikuwa linaingia hadi dirisha la jikoni, mahali ambapo sikuwahi kuliona jua maishani mwangu. Nilimwita baba kwa sauti ya mtu aliyevamiwa.

"Nimewapa watu wa vyuma chakavu," akajibu kutoka ndani, utadhani anazungumzia chupa tupu. "Njoo unywe chai, nje baridi."

Chai niliinywa, ya tangawizi, kali vilevile kama alivyokuwa akiipika marehemu mama. Lakini mshtuko haukuteremka nayo. Nilikaa pale jikoni nikitazama lile jua geni juu ya meza, na mambo ya utotoni yakanijia yote kwa mkupuo.

Baba alitoka Tanga kabla mimi sijazaliwa, akapiga kazi za kila namna humu Johannesburg, mwisho akapata lori lake mwenyewe. Lilikuwa la dizeli, kuukuu, rangi ya buluu iliyopauka, na mlio wake ulianza na kikohozi kirefu ambacho mtaa mzima ulikitambua. Majira ya joto alibeba matikiti maji kutoka mashamba ya kaskazini hadi soko la mjini. Siku hizo tulikula tikiti asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama akaapa akiona jingine atapiga kelele. Mwezi wa tano matikiti yalikatika, nyasi zikageuka rangi ya mchanga, moshi wa nyasi zilizochomwa ukatanda kila mahali, na lori likalazwa.

Neno letu nyumbani lilikuwa hilohilo, kulazwa. Magari ya watu wengine yaliegeshwa, letu lililazwa mpaka Septemba, na kulilaza ilikuwa sherehe. Kazi ilifanyika Jumamosi, kipaza sauti cha uwanja wa mbio za farasi kikibwata upande wa pili wa mtaa, na mama akichoma maandazi ya iliki kwa ajili ya wafanyakazi. Tangi lilijazwa dizeli pomoni, maana baba alisema tangi likibaki nusu hutoa jasho kwa ndani, na maji yakiingia kwenye dizeli ndiyo kwaheri. Betri ilifunguliwa ikaletwa jikoni, ikalala juu ya ubao kando ya hita ya mafuta ya taa, tukakatazwa hata kuitazama vibaya. Bomba la moshi lilizibwa kwa kopo la maziwa ya unga, panya wasije wakafanya makazi. Magurudumu yalipandishwa juu ya mbao, turubai likavutwa, kamba zikafungwa.

Msaidizi wa baba alikuwa jirani yetu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ambaye alijiona bingwa wa injini kwa sababu moja tu: alikuja Afrika Kusini kwa kupanda malori ya watu. Alishika spana kama anavyoshika mkasi. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na kicheko chake kikubwa, na baba asingelaza lori bila yeye.

Sasa juu ya yote hayo alikuwepo bibi, mama yake baba. Bibi alikuja kutoka Tanga kumsaidia mama alipojifungua mdogo wangu. Alikuja kwa muda wa uzazi tu, akabaki miaka. Ndege alishaipanda mara moja na akaapa hatarudia. Basi la siku tatu miguu yake isingelihimili. Kwa hiyo ahadi ya baba ilikuwa hii: siku moja tutarudi sote kwa lori letu, bibi akilala kwenye kile kitanda cha nyuma ya kiti cha dereva, na sisi na vitanda, friji na cherehani ya mama nyuma. Tukifika, lori litabeba machungwa ya Muheza, nasi tutakuwa na maisha yetu. Bibi aliishi kwa ahadi hiyo. Masanduku yake mawili hayakuwahi kufunguliwa yakaisha.

Na lori, kwa kuwa ndilo la kumfikisha kwao, bibi alilifanyia kombe. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha kuandika. Kila mwaka siku ya kulaza lori alitia udhu, akachukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani iliyolowekwa kwenye marashi ya mawaridi, kisha akaiosha sahani kwa maji safi. Kombe hunywewa na mgonjwa. Lori halina mdomo, lina rejeta. Basi baba alifungua kifuniko, bibi akamimina kombe taratibu huku akisoma, kisha baba akajaza maji ya bomba mpaka juu kabisa, maana Tanga alifundishwa kwamba rejeta yenye nafasi huingiwa na kutu. Hadi leo harufu ya waridi ikinipitia naisikia na ya dizeli ndani yake.

Mwaka ninaokusimulia ulikuwa mwaka wa kuondoka. Baba alitangaza: Septemba lori likiamka, halirudi kwenye matikiti, linashika njia ya kaskazini. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akaruka ukuta kuja kuona kulikoni.

Siku mbili baada ya kulilaza, baba alirudi kutoka duka la spea na galoni ya maji ya kijani. Muuzaji alimwambia yanatiwa kwenye rejeta wakati wa baridi, maji yasigande. Bibi akaitazama ile galoni kama mgeni asiyebisha hodi.

"Yaende wapi hayo?"

"Kwenye rejeta, mama. Yaliyomo inabidi yatolewe kwanza."

"Yatolewe? Umwage kombe chini, watu walikanyage?"

Baba akaitua galoni. Kombe halimwagwi njiani, hilo alilijua tangu utoto, na rejeta ilikuwa imejaa, haina nafasi hata ya kijiko. Jirani naye akaongeza yake, kwa kujiamini kote: "Vieux, mzee wangu, usisumbuke. Maji inaganda ku ndoo. Moteri ni chuma, chuma iko na moto yake ndani." Na kweli, miaka yote ya nyuma maji yalikuwa matupu na lori liliamka salama. Baridi ya Johannesburg ilikuwa ya kuuma vidole, basi. Baba akaiweka galoni nyuma ya mlango wa jikoni, akamwambia bibi, "Haya, mama." Hakuwahi kumbishia bibi mbele yetu hata mara moja.

Halafu ikaanguka theluji.

Huku kwetu theluji si kitu cha kila mwaka. Watoto wengi hukua mpaka wakaoa hawajaiona. Nilifungua mlango asubuhi kwenda shule, nikaufunga tena haraka, nikidhani nimekosea nyumba. Mdogo wangu alipiga ukelele "Yoh!" akatoka miguu mitupu, akarudi analia. Bibi alisimama dirishani na kanga mbili na blanketi, akisema "Subhanallah, Subhanallah," akauliza nani kachana magodoro yote haya. Mtaa mzima ulitoka nje. Watu wasiosalimiana walirushiana madonge. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, na usiku wake ukashuka baridi ambayo sijaionja tena.

Kesho yake mchana, jua lilipoanza kuyeyusha, nilisikia maji yakidondoka chini ya turubai. Baba naye alisikia. Aliivuta kamba, akafunua boneti, akainama, akabaki ameinama. Nilisogea. Ubavuni mwa injini, kwenye chuma kinene ambacho hata nyundo isingekifanya kitu, kulikuwa na ufa mrefu kuliko kiganja changu, na ndani ya ufa mng'ao wa barafu. Baba alipitisha kidole pale, akarudia. Kisha akakaa chini. Alikaa kwenye theluji, mtu wa Tanga, na msuli wake kiunoni, wala hakuonekana kuisikia.

Jirani alikuja, akachungulia, kicheko kikamwishia kooni. "Mungu wangu, vieux. Moteri ilipasuka. Maji tu? Maji inapasua chuma?"

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na sikuwa mjinga. Nilikumbuka galoni nyuma ya mlango. Nikafungua mdomo: "Baba, si yale maji ya bibi..." Sikumaliza. Mama alinifinya begani finyo ambalo nalisikia mpaka leo. Bibi alikuwa ametoka, anakuja anaburuta miguu, anauliza kuna nini.

Baba aliinuka, akajifuta. "Chuma kimechoka, mama. Lori la zamani hili."

Bibi aliweka mkono juu ya boneti, akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Bila lile kombe lingelipuka na sisi ndani."

"Kweli, mama," baba akasema. "Kombe ndilo lililotuokoa."

Niliduwaa. Theluji ilinishangaza, ufa ulinitisha, lakini maneno yale yaliniacha mdomo wazi. Baba yangu alituchapa hata kwa uongo mdogo wa peremende. Sasa alisimama mbele ya riziki yake iliyopasuka, akatamka uongo ule kwa sauti laini kabisa, na jirani akaitikia kwa kichwa, na mama akaitikia, na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwambia bibi.

Injini nyingine haikupatikana. Baba alikwenda kulinda jengo Marshalltown, akisimama mlangoni na koti la sare lililompwaya. Bibi alikuwa anasubiri. Mwezi wa tano uliofuata akauliza: "Lori mnalilaza lini?" Mimi nilijua atajibiwa kwamba lori limeshakufa. Baba akasema, "Jumamosi, mama."

Na wakalilaza, nakwambia! Betri iliyokufa ikaletwa jikoni. Kopo likachomekwa kwenye bomba ambalo halikuwa limetoa moshi mwaka mzima. Jirani akaja na spana, mama akachoma maandazi. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akaandika sahani yake kwa zafarani, herufi zikipishana, akamimina kombe kwenye rejeta. Na kombe likapita, likateremka, likatokea kwenye ufa. Nililiona. Baba alikuwa ameshachuchumaa pale chini na beseni safi, akalikinga lote, bila kishindo. Bibi alipoingia ndani, baba alikwenda kulimwaga kwenye shina la waridi la mama, mahali pasipokanyagwa.

Walifanya hivyo kila mwaka. Nilikua, nikaanza kuona haya mbele ya marafiki zangu wa shule, kisha nikakoma kuona haya. Kila mwaka bibi alisema lori likiamka Septemba tutakwenda, na baba akasema inshallah. Mpaka baridi moja bibi akalala na hakuamka, tukamzika hukuhuku, kwenye ardhi ngumu iliyowatoa jasho wachimbaji.

Basi ndiyo hayo yaliyonijia nikiwa na kikombe mkononi. Nikamuuliza baba kwa nini sasa. Akasema watu wa vyuma walipita, na yeye amechoka kukata magugu. Nikaona hii ndiyo nafasi niliyoingoja miaka. Mimi sasa nafanya kazi ofisini Braamfontein, najiweza, na mwezi huu nilikuwa nimeshamkatia tiketi ya ndege mpaka Dar es Salaam, nikimwekea kama zawadi. Nikaitoa simu, nikamwonyesha. Nikamwambia: baba, lori halipo tena, huna kinachokushika huku. Nenda Tanga. Nenda nyumbani ukapumzike.

Nilitegemea machozi ya furaha. Baba alinitazama kama niliyemtukania mzazi.

"Na mama?" akauliza.

Kwanza sikumwelewa, nikadhani anamtaja marehemu mama yangu. Akaelekeza kidevu upande wa makaburini.

"Kila Ijumaa nakwenda kumfagilia. Baridi hii nasubiri umande ulioganda uyeyuke kwanza, nyasi zinakuwa ngumu. Nilimleta mimi, na kumrudisha nikashindwa. Leo nipande ndege, yeye nimwache na nani?"

Akachukua kikombe changu akanijazia chai nyingine. Simu ikazimika yenyewe mkononi mwangu.

Jirani alihamia Cape Town na cherehani zake. Mama alimfuata bibi. Mdogo wangu yuko Durban, na Kiswahili anakisikia tu, kujibu hajibu. Uani hakuna turubai, hakuna kamba, hakuna harufu ya iliki Jumamosi, na huo uwanja wa farasi siku hizi huusikii sana. Wote wameondoka Turffontein, amebaki baba peke yake, na ndiye aliyekuwa akitamani kuondoka kuliko sisi sote.