Ukurasa Mtupu wa Jumatano

Mama Cherehani hajawahi kuonja pombe maishani mwake, lakini Jumatano ile aliingia dukani kwangu akiyumba kama katoka kilabuni. Saa nne asubuhi!

Akashika kaunta. "Mwanangu, mbona duka lako linazunguka?"

Kisha akaanza kuteleza chini.

Huyu ni fundi nguo, mlango wa tatu kutoka duka langu la dawa. Mimi ni mfamasia, mwaka wa kumi na moja nipo kona ile ile.

Aliyemdaka si mimi. Ni binti wa mwaka wa mwisho aliyeletwa na chuo kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Nilimpachika jina Binti Mfuko, maana kila mteja wa presha au sukari alimwambia, "Kesho njoo na dawa zote za nyumbani kwenye mfuko, tuziangalie."

Nilikuwa namcheka. "We binti, utanigeuzia duka kuwa jalala."

Basi siku hiyo Mama Cherehani alikuja na mfuko wake. Binti akampima: presha imeshuka, themanini kwa hamsini. Nikatoka mbio kutafuta gari. Niliporudi, binti alishakagua dawa zote na kuzirudisha mfukoni. Akapanda gari naye mpaka hospitali.

Jioni akanipa taarifa kwa kifupi.

"Anaendelea vizuri, dada. Alikuwa na maboksi mawili ya dawa ya presha. Majina tofauti, viwanda tofauti, ndani dawa ile ile. Moja alipewa hospitali. Akawa anameza yote mawili."

"Na hilo la pili kampa mpuuzi gani bila kumuuliza?"

Akainamisha kichwa. "Sijui, dada."

Nikawatukana wenye maduka wenzangu mpaka mate yakanikauka.

Wiki tatu baada ya kumaliza mafunzo dukani kwangu, binti akanipigia simu analia. Kafelishwa yale mafunzo. Anarudia mwaka mzima.

Jamani, hasira zilinipanda. Nilifunga duka mchana kweupe, nikaenda chuoni na koti langu jeupe mwilini. Mlango wa mwalimu wa mafunzo sikuugonga.

"Mwalimu, unajua yule binti kaokoa mtu?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai! Miaka kumi na moja mnanirundikia wanafunzi. Umewahi kuja hata siku moja? Hospitali mnakwenda kila wiki. Sisi wa mitaani mnatutumia fomu!"

Hakubishana. Akafungua daftari la mafunzo la binti. Siku zote zimejazwa vizuri. Jumatano ile, tupu.

"Kosa la dawa lazima liandikwe, na duka lililotoa litajwe," akasema. "Kakataa kulitaja. Nimemwita mara tatu. Kanuni yetu, ukurasa ukibaki mtupu, mtu kafeli. Kaniletea picha hii tu, nijue hakudanganya."

Akanigeuzia simu yake. Maboksi mawili. Juu ya la pili kuna maandishi ya kalamu: kidonge kimoja, kila asubuhi.

Mwandiko wangu.

Nikakaa.

Nyani haoni kundule, lakini mimi nilionyeshwa langu kwenye simu. Nikakumbuka mchana mmoja wateja wamejaa, Mama Cherehani kaninyooshea cheti cha daktari, kumbe dawa zake hospitali walishampa. Nikatoa boksi nililokuwa nalo, nikaandika, nikaita, "Anayefuata!" Sikumuuliza neno.

Sasa yule binti angeandikaje? Anayesaini daftari na kumpa alama ni mwenye duka. Mwenye duka ndiye mimi, niliyesaini bila kupekua, na alishanisikia nikitukana.

Mwalimu alikuwa bado ananiangalia, hajui lolote. Angekanyaga dukani kwangu mara moja tu, angeujua mwandiko ule. Umejaa kwenye kila rafu.

Nikalivuta daftari. Nikaandika duka langu, jina langu, kosa langu. Nikasaini, nikamsukumia.

"Haya, na wewe andika lako hapo chini. Andika kwamba hujawahi kuja."

Alishika kalamu, kisha akairudisha mezani. Hakuandika.

Binti kapitishwa. Mwalimu, hadi leo naandika haya, hajaja.

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Cherehani. Akasimamisha cherehani yake, akanitazama. "Mwanangu, si ungeniuliza tu? Ningekwambia."

Wenye vyuo vya famasia, hasira zangu hazijaisha. Mnatuachia watoto wa watu bila kuja kuona, na sisi tuliosoma zamani hakuna anayekuja kutunoa. Mgonjwa anaanzia kwetu kabla hajafika hospitali. Njooni.

Na wewe mwenye duka mwenzangu, kabla hujamwita mtu mpuuzi, lichukue boksi usome mwandiko ni wa nani.