Pesa za Maskati

Kaka yangu aliondoka Mkonze miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma mjini yalipoanza kujaa sabuni na redio, akaenda Maskati kuendesha lori. Mwaka wa kwanza alituma pesa mara tatu, kila mara na barua. Baada ya hapo kimya.

Mama akaanza kukonda. Kila nikirudi kazini swali lilikuwa lile lile, posta hamna kitu? Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, mshahara wenyewe wa kubabaisha. Mwisho wa mwezi mmoja nikachoka kuulizwa. Nikamwekea noti mkononi, nikamwambia kaka ametuma, nimeshabadilisha mjini. Akazifunga kwenye pindo la kanga, na siku ile akala akashiba. Basi nikawa nimejitia kitanzini mwenyewe. Kwa miaka minne nilituma pesa za Maskati bila kutoka Dodoma.

Majirani wakawa wanakuja kumpongeza, mama wewe umezaa. Mimi nimekaa pale pale nachambua mchele nilioununua mwenyewe, viatu vyangu vimeshonwa mara mbili. Iliniuma, sitaficha.

Siku moja akaja kijana wa takwimu na fomu ndefu. Akamwamkia mama, akapewa kigoda. Akauliza mifugo, akauliza choo, akafika kwenye fedha zinazotoka nje ya nchi.

“Mwanangu anatuma kila mwezi,” mama akasema. “Andika.”

Kijana akaandika. “Na huyu dada, anachangia nini?”

“Huyu? Huyu anakula tu.”

Wakacheka wote wawili. Neno nilikuwa nalo mdomoni, lakini lingemwaibisha mama mbele ya mgeni, na nilihofia angerudi kukonda. Kijana akakunja fomu yake akaenda nyumba ya pili. Kwa hiyo wakubwa waliposomewa ni kiasi gani cha uchumi wa nchi kinatoka kwa ndugu walioko ng'ambo, ndani yake ulikuwemo mshahara wa mpiga chapa wa Mkonze. Sidhani kama hesabu yao iliharibika sana.

Nilikuwa narudisha kigoda ndani mama aliposema, bila kuniangalia, “Uliniona mjinga? Pesa za kaka yako zilikuwa zinakuja na barua. Hizi zinakuja siku ya mshahara wako.”

Nikamuuliza, sasa mbona amesema vile.

“Ulitaka nimwambie nini mtu wa serikali? Kwamba mwanangu amenitupa?”

“Na mimi je, mama?”

“Wewe si upo hapa.”

Akafungua pindo la kanga, akatoa noti niliyompa juzi, akanituma dukani mafuta ya taa.