Simu Isiyojua Kusema Bado

Treni ya kutoka Kigoma ilisimama Zuzu, karibu kabisa na Dodoma, bila mtu kutuambia sababu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile mpaka mgongo umechukua umbo lake. Uvinza, Tabora, Manyoni, kila kituo kilipopita nilihisi nimeacha kitu. Ndivyo nilivyo, hata mahali nisipowahi kushuka napakumbuka. Pale Zuzu uvumilivu uliniishia. Nikateremka na begi langu, nikamalizia safari kwa bodaboda huku upepo ukinijaza vumbi mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyoingia Dodoma, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheti cha kidato cha nne na ufundi wa simu niliojifundisha mwenyewe.

Aliyeniita ni rafiki niliyesoma naye sekondari. Alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha watu wenye magonjwa ya muda mrefu kumeza dawa. Yeye aliandika lugha ya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kile kinachoonekana na kusikika: maneno, rangi, vitufe, mlio. Chumba alinitafutia kwa mama mmoja aliyeuza karanga na mlenda mkavu soko la Majengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado."

"Bado, na mvi hizo?" Akacheka. "Haya, weka begi. Maji ya hapa yana chumvi, utazoea."

Binti yake alisimama mlangoni, mwanamke wa karibu miaka thelathini, ameziba masikio kwa viganja kwa sababu bodaboda iliyonileta ilikuwa haijazimwa. Alikuwa na usonji, na tangu utotoni alikuwa na kifafa pia. Maneno aliyachukua kama yalivyo. Ukimwambia njoo mara moja, alikuja. Ukimwita tena, alikukumbusha kwamba ulisema moja. Mimi aliniita Mpangaji, kwa kuwa ndicho nilichokuwa.

Mama yake hakuweza kuwahi sokoni, kwa sababu kila asubuhi alisubiri amwone bintiye akimeza dawa. Nikampa binti simu yenye programu yetu, nikamwambia mama aende bila wasiwasi.

Asubuhi ya kwanza simu ililia kama king'ora, ikaandika: Habari ya asubuhi, rafiki! Umekunywa dawa?

Binti aliitazama. "Siyo rafiki yangu. Ni ndogo kwangu, na haijaniamkia." Akafikiri kidogo. "Na dawa siinywi. Nameza. Ninachokunywa ni maji."

Chini kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Dawa yake huimeza baada ya uji, na uji ulikuwa wa moto. Akabonyeza Hapana, maana ukweli ulikuwa huo. Kioo kikawa chekundu, kikameta kwa kuwaka na kuzimika, kikaandika Umekosa dawa, na ujumbe ukaruka hadi kwa mama yake Majengo. Mama aliacha meza ya karanga wazi, akaja mbio. Alimkuta bintiye kajikunja pembeni ya kabati, dawa kaimeza zamani. Siku zilizofuata ikawa vilevile.

"Mpangaji, simu yako inanikimbiza kama mwizi," mama aliniambia. "Dada yangu anakuja baada ya mavuno. Atamchukua, akaishi naye Mpwapwa. Kule nyumba haikosi watu."

"Mpwapwa siendi," binti akasema. "Kitanda changu kiko hapa."

"Kitanda kitabebwa."

"Dirisha halibebeki."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliendelea kupanga vijiko kwa ukubwa, akavivuruga, akavipanga tena.

Nikaanza upya. Kumeta kuliondoka siku hiyohiyo, maana kwa mtu mwenye kifafa hakufai hata kidogo. Mlio nao ukaondoka. Simu ikatikisika kidogo tu juu ya kitambaa. Wekundu nikaubadilisha na rangi ya chungu cha udongo. Neno kunywa likatoka. Hata hivyo kitufe cha Hapana kilinishinda, mpaka jioni moja tukila ugali wa uwele, mama akanichokoza kama kawaida yake: "Hujaoa tu?"

"Bado."

Binti akainua kichwa. "Kila siku unasema bado, na hakuna anayekuja mbio. Kwa nini simu haina bado?"

Nilimpelekea rafiki yangu swali hilo kama lilivyo.

"Kompyuta inataka ndiyo au hapana, kaka," akasema.

"Wewe umejenga nyumba?"

"Bado, nina kiwanja—" Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi ngoja niiandike."

Programu ya mgonjwa haina ruhusa ya kumkaripia mtu ambaye uji wake haujapoa. Hilo silibishanii na yeyote. Asubuhi simu ikawa inaandika Shikamoo, dada, naye huijibu Marahaba kwa sauti, bila mzaha. Kisha: Dawa ya asubuhi? Tayari. Bado. Ukibonyeza Bado, inangoja kimya, halafu inauliza tena. Bado zikizidi, au simu isipojibiwa, ndipo mama anaandikiwa neno moja: Mpigie.

Yule dada wa mama alifika kutoka Mpwapwa na kamba za kufungia kitanda. Asubuhi tulikaa naye sebuleni, mama akiwa sokoni. Simu ikatikisika. Marahaba. Bado. Binti akapuliza uji, akanywa taratibu, akameza dawa, akabonyeza Tayari, akaenda dirishani kwake.

"Sasa huyu nimchukue nikamfanyie nini?" mgeni akaniuliza. Alirudi Mpwapwa na gunia la karanga, amelifunga kwa kamba zilezile.

Ningeweza kubaki. Kazi ilikua, watu wengine wenye maradhi yao wakaitumia, na rafiki yangu alinisihi. Lakini honi ya treni ilikuwa imeanza kunisumbua, na mimi najijua. Asubuhi ya kuondoka, binti alisimama mlangoni akitazama begi langu.

"Umehama?"

"Bado. Bodaboda ndiyo hiyo inafika."

"Utarudi?"

Jibu la tutaonana tukijaaliwa lilikuwa tayari mdomoni, lile tunalowapa watu wote. Ila yeye angeingoja, kila siku, dirishani.

"Hapana," nikamwambia.

"Sawa. Na simu?"

"Inabaki."

Ikatikisika mfukoni mwake. "Marahaba," akasema, akaingia ndani. Bodaboda ilipofika, nikamwomba dereva azime pikipiki. Tuliisukuma wote wawili mpaka barabarani.