Nyama ya Baba

Kila ninaponusa karafuu na kitunguu saumu, popote nilipo, naikumbuka nyama ya baba.

Baba alikuwa ametangulia kwenye kijiji cha ujamaa kutujengea nyumba, akaahidi kurudi kwetu Ipuli kutuchukua siku ya Idi. Idi ikapita. Mama akalipaka fungu la baba la nyama ya Idi maji ya karafuu, saumu na ndimu, akalitundika juu ya moshi wa jikoni.

"Mama, karafuu inazuiaje nyama isioze?"

"Wewe na maswali yako! Muulize baba yako akija."

Kila asubuhi aliipaka tena, akainusa. "Bado nzima," alisema.

Siku ya tisa dereva wa lori la kijiji alisimama mlangoni. "Shemeji, usimngoje. Ameoa kule."

Mama akaitungua nyama, akainusa, akatukatia. "Kuleni, wanangu."

Ilikuwa nzima kabisa.