Mzee Niliyemkuta Mahameni Kwetu

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa kabla sijaanza. Sikuwa na homa wala usingizi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Unyamwezi limesimama utosini, na nilimwona kama ninavyokuona wewe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Baba yangu, mrina asali aliyejulikana hadi Ulyankulu, alifariki alfajiri. Alikuwa mkaidi, baba yule. Siku ya kuhama, wenzake walipakia vyombo kwenye lori. Yeye aliung'oa mlango wa nyumba yake akaubeba kichwani. Alisema baba yake alitembea hadi pwani na mizigo ya watu begani, yeye atashindwaje na mlango wake mwenyewe?

Sasa azikwe wapi? Baba mdogo alitaka arudishwe mahameni, kule tulikohama, alale karibu na babu. Wanakijiji walitaka azikwe hapo hapo kijijini. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na ingawa ni mwanamke, wakaniachia niamue. Nikachukua jembe, nikaenda kulitafuta kaburi la babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa.

Moto ulikuwa umepita porini. Majivu matupu. Nilizunguka hadi miguu ikawa myeusi, kaburi sikuliona. Ndipo nikamwona mzee ameketi pale palipokuwa na ukuta wetu, kifua wazi, shuka kiunoni. Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu nene kama kisigino.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama namtafutia baba yangu mahali. Unadhani nilishtuka? Hata kidogo. Nilijua habari za msiba zimemfikia. Nikamweleza ubishi wetu wote.

"Usimlete huku," akasema taratibu. "Mimi niliwazika wenzangu njiani, na hakuna aliyebaki kuwapalilia. Mzikeni mnapopika na kulala."

Niliona amesema neno. Nikamwomba twende wote msibani akawaambie mwenyewe. Akakubali, nami nikatangulia. Niamini, nilisikia nyayo zake nyuma yangu, na pumzi ya mtu aliyebeba kitu kizito. Tulipofika kwenye njia ya zamani ya misafara, akasema, "Mimi mwisho wangu hapa, mjukuu wangu."

Nikageuka kumuaga. Hapakuwa na mtu. Pori lote lilikuwa jeusi, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura, na kwenye majivu nyayo zilikuwa zangu tu.

Nilipomsimulia shangazi, aliniuliza jambo moja: sugu ilikuwa bega gani? Nikamwambia la kushoto. Akaketi chini, akajifunika khanga usoni.

Jioni ile tulimzika baba kijijini. Baba mdogo hakusema nami kwa miaka mingi. Baadaye majirani wengi walirudi mahameni mwao. Sisi hatukuondoka, na hadi leo wajukuu wa baba hupalilia kaburi lake. Sijutii.

Ila kila nikivuka njia ile peke yangu, nyayo hunifuata hadi mlangoni kwangu. Sigeuki. Nawe ukimkuta mzee kwenye mahame, mwamkie, msikilize, ushauri wake uufuate. Lakini usimwambie twende wote. Mimi nilimwambia, naye alikubali.