Malalamiko ya Meza ya Tatu

Dada yangu alikuwa anaomba msamaha. Nilimsikia kabla sijafumbua macho, sauti yake ikipenya ukuta mwembamba wa sebule, laini, yenye asali kidogo. "Pole sana kwa usumbufu huo. Asante kwa kutuambia." Halafu tena, polepole zaidi: "Pole sana kwa usumbufu huo."

Nilidhani tumepata mgeni na tumemkosea vibaya. Nilipochungulia nikamkuta dada ameinamia mtungi wa gesi, mikono nyuma ya mgongo, kichwa kimeelemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza kwa moyo wote. Mtungi haukuonekana kuridhika.

Hapo ni kwetu Mwihoko, na ilikuwa siku ya mtihani wake wa mwisho. Dada alikuwa amebeba sahani kwa muda mrefu katika hoteli moja ya Ruiru, ile aina ya hoteli ambayo Jumamosi huandaa harusi tatu kwenye nyasi moja na mabibi harusi wakapishana chooni. Ndipo akarudi darasani, katika chuo kimoja cha Thika, kusomea stashahada ya juu ya usimamizi wa hoteli na utalii. Masomo mengine yote alikuwa ameshayapita: bajeti, sheria za kazi, usafi wa jikoni, hata namna ya kupanga safari ya wazee wanaotaka kuona viboko bila kutembea. Lilibaki moja tu, kushughulikia malalamiko ya mgeni, na hilo alikuwa ameshaanguka mara ya kwanza kwa sababu alibishana na mgeni wa mtihani.

"Lakini alikuwa anadanganya," alituambia jioni ile, bado amevaa suti. "Alisema kuna nywele kwenye supu. Nywele ilikuwa yake. Ilikuwa ya rangi ya kijani."

Chuoni walimwambia kwamba rangi ya nywele si kazi ya meneja. Sasa hoteli moja ya Naivasha ilikuwa imemwekea nafasi ya meneja msaidizi, na ilikuwa imechoka kusubiri. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kila mtahiniwa alipewa meza moja katika ukumbi wa kulia wa chuo, akawa meneja wa meza hiyo, na chakula kilipikwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Safari hii wageni walitoka nyumbani kwa mtahiniwa, maana chuo kilishagundua kwamba wanafunzi wakilalamikiana wenyewe kwa wenyewe hulalamika kwa huruma. Mgeni mmoja kwa kila meza alitakiwa kuleta lalamiko, na mtahiniwa asijue ni lipi. Kama hakuna lalamiko, hakuna cha kutahini.

"Wewe si unaandika riwaya?" dada aliniambia wiki hiyo. "Mwandikie Mum kitu cha kulalamika. Na usiniambie."

Nikaandika. Nilikaa na ile sentensi usiku na mchana, nikaing'arisha, kisha nikampelekea Mama. Alivaa miwani na kusoma kwa sauti: "Supu hii imepoa kama jiko la nyumba iliyohamwa." Akanitazama juu ya miwani. "Nani amehama?"

"Hakuna aliyehama, Mum. Ni mfano tu."

"Na huyo aliyepika akisikia hivyo?"

"Anatakiwa asikie. Ni mtihani."

"Hata kama ni mtihani. Huyo ni mtoto wa mtu, ameamka akapika."

Hapo ndipo nilipoona tuko taabani. Mama hajawahi kurudisha chakula maishani mwake. Jirani mmoja aliwahi kumpa chapati ambayo katikati ilikuwa bado unga. Mama aliila yote na kuomba ya pili, jirani asije akaona aibu. Tulipunguza ile sentensi yangu kidogo kidogo, ikaondoka nyumba, likaondoka jiko, mpaka yakabaki maneno matatu: "Supu ni baridi." Alikwenda kuyafanyia mazoezi chumbani. Kwa masikio yangu, nikiwa mlangoni, yalisikika kama shukrani.

Tulifika Thika mapema, kwa hiyo Mama akapata nafasi ya kununua sukuma wiki kwa mwanamke wa mtaa wa Kiandutu aliyekuwa amepanga mboga zake karibu na lango la chuo. Aliingia nazo mapokezi. Kijana wa mapokezi, ambaye naye alikuwa kwenye mtihani wake mwenyewe, alizipokea kwa mikono miwili, akazifungia kibandiko chenye nambari na kuziweka kwenye rafu ya mizigo ya wageni.

"Ni sukuma tu," Mama alimwambia.

"Zitakuwa salama, madam."

Ukumbini tulipewa meza ya tatu. Kwenye kona alikaa mtahini, bwana mmoja wa Mombasa aliyesema Kiswahili kilichopigwa pasi, na kwa ajili yake ukumbi mzima ulikuwa umeacha kuongea kama watu wa Thika. Vijana ambao juzi tu walikuwa wakiulizana "niaje" sasa walikuwa wakitakiana "mlo mwema".

Dada alikuja akiwa amevaa suti nyeusi, nywele zimebanwa mpaka nyusi zimepanda. Akainama kidogo. "Karibuni sana, wageni wetu. Jina langu ni…"

"Najua jina lako," Mama alisema. "Mimi ndiye nilikupa. Maitũ, umekonda."

Maitũ ni "mama yangu" kwa Gĩkũyũ. Dada alipewa jina la nyanya yetu, mama mzazi wa Mama, kwa hiyo tangu azaliwe Mama humwita hivyo, kwa mapenzi na kwa heshima ya marehemu. Mtahini hakujua hayo. Alimuuliza mwalimu aliyekaa karibu naye, mwalimu akamnong'oneza, na bwana yule akatazama mara mbili, kwanza Mama, kisha dada, akijaribu kuelewa ni nani aliyemzaa nani.

Meza ya pili ilikuwa inaendelea vizuri mno. Mwenzake dada alikuwa amemleta mjomba wake, mwenye duka la vipuri vya magari Ruiru, mtu mnene mwenye furaha ambaye alizaliwa kwa ajili ya mtihani huu. Alilalamika kuhusu kiti. Alilalamika kuhusu feni, ikazimwa, akalalamika kuhusu joto. Alimuuliza mpwa wake kwa nini glasi ya maji ina maji. Kila mara mpwa alimwomba radhi kwa utulivu mkubwa, na kila mara kalamu ya mtahini ilitikisika kwa kuridhika.

Kwetu ililetwa supu ya malenge, ikifuka mvuke. Mama akafumba macho kuomba. Aliwaombea wapishi. Aliwaombea wazazi wa wapishi, chuo, walimu, na wote waliokosa chakula siku hiyo. Aliiombea nchi, akaingia katika viongozi, na huko akakaa kidogo, maana walikuwa na mahitaji mengi. Wahudumu wawili walisimama na trei, hawajui kama wasogee. Hata mjomba wa vipuri alivua kofia. Tuliposema amina, mvuke wa supu ulikuwa umeisha.

Nikafurahi. Supu ilikuwa baridi kweli. Ukweli wenyewe ulikuwa umekuja kutusaidia. Dada alisogea.

"Supu ikoje, madam?"

"Tamu sana," Mama alisema.

Nilimgusa kwa mguu chini ya meza.

"Tamu kabisa," aliongeza. "Mungu awabariki."

Dada alipoondoka nilimwinamia. "Mum, ni baridi. Sema tu ni baridi."

"Ilikuja ikiwa moto. Mimi ndiye niliomba kirefu. Sasa nimsingizie nani?"

Akaja kuku na mchuzi wa uyoga. Ndani, karibu na mfupa, alikuwa na rangi ya waridi kama alfajiri, hajaiva. Mama aliona. Nilimtazama akichukua majani ya mapambo pembeni ya sahani na kumfunika kuku taratibu. Dada naye aliona. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona basi lake likiondoka. Hakuruhusiwa kusema neno. Lalamiko lilipaswa litoke kwa mgeni.

Mwishowe mtahini mwenyewe aliinuka na kuja mezani kwetu. "Bibi," alisema, "huna dukuduku lolote?"

"Duku gani?"

"Jambo lisilokupendeza."

"Leo?"

"Leo."

Mama aliweka uma chini. "Nikisema, haitamharibia mtoto?"

"Usiposema, ndipo utamharibia."

Mama alimtazama dada, halafu akatazama sahani yake, na mimi nikajiandaa kusikia habari za kuku. "Basi iko moja," alisema. "Si ya chakula. Chakula ni kizuri. Krismasi iliyopita huyu alikuwa Ruiru, anawapelekea watu wengine pilau. Alirudi nyumbani wageni wetu wameenda, akalala na kijiko mkononi. Mimi nikasema sawa, bado ni mhudumu, asome awe mkubwa, atakuwa anakaa chini akule na sisi. Sasa nasikia mkubwa ndiye haondoki kabisa. Watu wakiwa likizo, yeye ndio kazi. Pasaka huko. Krismasi huko. Sikukuu ya kila mtu isipokuwa yake. Nani alipanga hivyo? Huyo ndiye nataka kulalamikia."

Mjomba wa vipuri alikuwa ameinua kidole kuhusu chumvi, akakishusha.

Chuoni wamefundishwa wasisimame juu ya mgeni mwenye uchungu. Dada alichuchumaa kando ya kiti cha Mama mpaka macho yao yakalingana. "Pole sana, madam," alisema.

"Usiniite madam."

"Pole sana, Mum."

"Endelea."

"Nikuhakikishie kwamba…" Dada akasita. Wamefundishwa pia wasiahidi kisicho mikononi mwao, na nilimwona akiimeza ile sentensi nzima, kavu, bila maji. "Krismasi siwezi kukuahidi. Wala Pasaka."

"Najua. Si ndiyo nimesema."

"Lakini Januari hoteli hubaki tupu. Watu wakirudi kazini nitaomba likizo, nije nikae."

"Januari ya mwanzo ama ya katikati? Mwanzo niko na mkutano wa chama cha akina mama."

"Ya katikati."

"Na mbuzi wa sikukuu atangoja mpaka katikati?"

"Atangoja. Atalishwa."

"Na nani?"

Wote wawili walinigeukia mimi. Hata mtahini alinitazama. Nikasema nitamlisha.

"Na tutaiita Krismasi?" Mama aliuliza.

"Tutaiita Krismasi. Nitaleta keki kutoka huko."

"Usilete keki ya hoteli. Huwa ni kavu."

"Pole kwa keki, Mum."

Kalamu ya mtahini ilikwenda mbio. Hilo lilikuwa lalamiko la pili, na lilikuwa limetoka bila kusukumwa. Aliuliza, kama utaratibu unavyotaka: "Bibi, umeridhika?"

Mama alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana," alisema. "Lakini hajanidanganya."

"Amepita," mtahini aliwaambia walimu, bila kuinua kichwa. Kisha akamwambia dada: "Msindikize mgeni wako mlangoni, halafu urudi. Zamu yako haijaisha."

Mimi niliachwa mezani nimalize pudini za watu wawili. Mama alisema anataka kupunga hewa nje. Niliwaona wakivuka ukumbi, suti nyeusi na kitambaa cha kichwa cha maua, hatua zao zikiwa zile zile fupi za nyanya yetu. Walipopita meza ya pili, yule mjomba alisimama na kumpa Mama mkono. Dada alifungua mlango na kuushikilia. Meneja humfikisha mgeni hapo, wala havuki.

Mama alimrekebisha kola, ingawa kola ilikuwa sawa. "Naivasha kuna baridi," alisema. "Ubebe ile blanketi nzito."

"Nitabeba."

"Na uwe unakula ukiwa umekaa chini."

"Nitakaa, Mum."

Mama akatoka bila kugeuka, kwa mwendo wa haraka asioutumia akiwa na furaha. Kiatu cha dada kilifika kizingitini, kikagusa ukingo wa zulia, kikasimama hapo hapo. Mlango ule ulikuwa na springi nzito, haukutaka haraka. Ulijifunga polepole, kitambaa cha maua kikipungua kwenye ufa, mpaka komeo likaingia mahali pake.